Kilo Saba za Mwanaidi

Makole nzima, pale Dodoma, ilijua kwamba Mwanaidi hakosei kipimo. Ukimpelekea kitambaa, atakutazama mara moja kuanzia mabegani hadi magotini, atakwambia kiuno chako kimeongezeka nusu inchi tangu Idi, na tepu ikipita itasema vile vile. Kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye baraza ile ile, nyuma ya cherehani ile ile ya miguu, akiwapima watu. Mwili wake mwenyewe hakuwahi kuupima. Ya nini? Nguo zake anashona mwenyewe, na gauni likimbana analifumua ubavuni, analipanua, maisha yanaendelea.

Alizaliwa Kolo, kule Kondoa, mtoto wa kwanza wa Bi Mishi. Alipokuwa na miaka tisa akazaliwa Uwesu, na mama akiwa shambani, mgongo wa kumbeba mtoto ulikuwa wa Mwanaidi. Alimbeba mpaka watu wakamtania kwamba huyo atazeeka mgongoni. Baadaye akaolewa Dodoma, akapata binti mmoja, Rukia, kisha mume akafariki na kumwachia cherehani na baraza. Uwesu alisoma, akawa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi huko huko Kondoa, na dada yake akamshonea suruali zote alizowahi kufundishia.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Uwesu aliificha miguu iliyovimba ndani ya soksi kwa muda ambao hadi leo hajautaja sawasawa, na alipopelekwa hospitali figo zake zote mbili zilikuwa zimekwisha kukata tamaa. Akahamia kwa dada yake Makole, awe karibu na mashine. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, akarudi amekauka na amekuwa mwepesi, akalala kwenye benchi la wateja huku cherehani ikilia pembeni yake.

Kitu kimoja katika nyumba ile kilikuwa kinamtesa Mwanaidi kuliko vyote: kikombe cha bati. Daktari alisema Uwesu asinywe zaidi ya nusu lita kwa siku, kwa kuwa maji hayakuwa na pa kutokea. Uwesu akapima, akachora mstari mwekundu ndani ya kikombe kwa rangi ya kucha ya Rukia, na kila asubuhi akakijaza hadi kwenye mstari. Hayo ndiyo maji yake ya siku nzima, katika mji wa Dodoma, wakati wa kiangazi, pepo zikirusha vumbi hadi ndani ya sukari. Mwanaidi aliacha kunywa maji mbele yake. Alikuwa akienda uani kunywa kama mwizi.

Ndugu walipopimwa damu kuona nani anaweza kumpa Uwesu figo, ya Mwanaidi ilikubali. Akashangilia hadi nesi akamwambia akae. Kutoa ni moyo, si utajiri, alisema, na huyu ni mtoto wa mgongo wangu, chukueni hata leo. Lakini Dokta Zablon, mwenye kushughulikia mambo ya figo, alimpandisha kwenye mizani. Kilo themanini na mbili. Urefu wake ulipopimwa, daktari akaandika namba nyingine pembeni na kuizungushia duara: sabini na tano.

"Mama, ukishatoa, utabaki na figo moja kwa maisha yako yote," alimwambia. "Kwa uzito huu, na presha yako inavyopandapanda, hiyo moja itachoka mapema. Siwezi kumponya mmoja kwa kumwumiza mwingine. Shusha kilo saba. Jopo letu litakaa kujadili jambo lenu Jumatano ya pili ya Oktoba."

Ilikuwa mwanzo wa Juni. Uwesu aliuliza kwa nini Oktoba isisogezwe mbele kidogo, dada apate nafasi. Daktari aliushika mkono wake wa kushoto, pale walipomtengenezea mshipa wa kuchomekea mipira ya mashine, akausikiliza kwa kidole. Alisema mshipa umeanza kuziba, na hajui utawavumilia mpaka lini.

Kwa hiyo zilikuwa kilo saba. Mwanaidi alikabidhiwa kwa Devota, mtaalamu wa lishe, dada mmoja wa Mpwapwa mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyodanganyika. Devota alimchorea sahani: nusu mboga za majani, robo ugali usiozidi ngumi yake, robo maharage au samaki. Akamwambia atembee kila asubuhi nusu saa. Mwanaidi akatii. Alfajiri ikishapambazuka alitoka Makole hadi Uwanja wa Jamhuri na kurudi, ushungi umefungwa imara kwa ajili ya upepo, na kufikia wiki ya kwanza ya Julai mizani ikasema themanini na nusu. Devota alipiga makofi.

Ndipo ikaja saa.

Rukia, aliyekuwa akifanya kazi Morogoro, aliituma kwa basi. Saa nyeusi, nyembamba, ya kuhesabu hatua. Ilizungumza na simu, na simu ilikuwa na programu ambayo kila jioni ilionyesha namba ya kijani. Rukia alimfafanulia mama yake kwa ujumbe wa sauti: "Mama, hizo ndizo kalori ulizochoma kwa mazoezi. Programu inakurudishia. Ukichoma mia tatu, unaruhusiwa kula mia tatu zaidi ya sahani yako."

Mtu mwingine angejiuliza. Mwanaidi hakujiuliza, kwa sababu maneno hayo yalimkuta akiwa ameyaamini tangu utotoni. Kule Kolo, siku ya watu kuja kumlimia Bi Mishi, chungu kilitangulia shambani kabla ya jembe. Mama yake alikuwa hana mzaha na jambo hilo. Mtume alisema mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na Bi Mishi aliwapelekea watu chakula wakiwa bado wanang'aa jasho mgongoni. Sasa mwili wa Mwanaidi ulikuwa umeamka alfajiri, umetembea, umefanya kazi. Kuunyima ujira wake ilikuwa dhuluma. Akawa anaulipa, na anaulipa upesi, kabla jasho halijakauka.

Wiki ya kwanza saa ilimkwaruzia satini ya bibi harusi na kuvuta uzi wa lesi. Fundi gani atavaa chuma mkononi? Akaihamishia kwenye kifundo cha mguu wa kulia, akaifunika kwa soksi, akasahau kwamba ipo. Kuanzia siku hiyo namba zilinona. Hatua elfu kumi na nane. Elfu ishirini na moja. Ulikuwa msimu wa sare, shule zinafunguliwa, na jioni namba ya kijani ilikuwa ikigonga mia nane, mia tisa. Mwanaidi alijisikia fahari. Kumbe na mimi ni mtu wa mazoezi, alijisemea, akachukua chapati ya pili, akaongeza mlenda wenye karanga, siku nyingine nyama. Alikula bila wizi. Alikula haki yake.

Agosti mizani ilisema themanini na robo tatu. Alikuwa amepanda. Devota akauliza anakula vipi siku za mazoezi. "Nafuata kipimo," alijibu Mwanaidi, na kwa kuwa yeye ni mtu wa vipimo, alilisema hilo kwa uso mkavu kabisa. Devota akaandika kitu. Mwanzo wa Septemba ikawa themanini kamili. Zilibaki wiki tano na kilo tano, na Mwanaidi alianza kuvuka barabara ili asipite mbele ya duka la dawa lenye mizani mlangoni.

Ijumaa moja mchana Uwesu alirudi kutoka kwenye mashine, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Alijilaza kwenye benchi. Mwanaidi alikuwa ameweka kazi pembeni, sahani mapajani, chapati na maharage, na ile ilikuwa chapati ya pili. Uwesu alimtazama akitafuna. Alitazama muda mrefu, kisha akaangalia barabarani.

"Dada, nikuulize kitu, usinikasirikie."

"Uliza."

"Unaogopa?"

Mwanaidi aliacha kutafuna. "Niogope nini?"

"Kupasuliwa. Kubaki na moja. Mtu akiogopa si dhambi, dada. Ukisema, nitaelewa, na sitamwambia mama. Lakini nikiona unakula hivyo na Oktoba hiyo hapo, nashindwa kujua nisubiri nini."

Sahani ilitua kwenye meza ya cherehani kwa kishindo. Miaka thelathini na mitano amempenda mtoto huyu, na sasa mtoto anadhani dada yake anajificha nyuma ya chapati. Machozi yalimjia, hasira ikayatangulia. Alivuta soksi, akafungua saa, akamsukumizia usoni.

"Wewe si mwalimu wa hesabu? Soma! Leo peke yake, na ni saa nane tu. Elfu kumi na sita na ushei. Huu si ulafi, Uwesu. Mwili umetoka jasho na mimi naulipa. Hujui mama alivyotufundisha?"

Uwesu alisoma. Mwalimu ni mwalimu hata akiwa mgonjwa. Kipaji cha uso kikakunjamana. Alinong'ona hesabu, akafunga kidole kimoja baada ya kingine.

"Hatua elfu kumi na sita ni kama kilomita kumi na moja hivi. Leo umetoka lini?"

"Asubuhi, kama kawaida. Uwanjani na kurudi."

"Uwanjani na kurudi hazifiki hata nne." Aliitazama saa tena, halafu mguu wa dada yake, halafu pedali ya cherehani. Akamrudishia. "Ivae ilipokuwa. Shona kidogo."

"Nishone nini sasa hivi?"

"Chochote, dada. Nakuomba."

Akavaa, akaingiza pindo la sare chini ya sindano, akakanyaga. Uwesu aliteremka kwenye benchi akapiga magoti sakafuni, macho kwenye kifundo cha mguu wa dada yake. Mguu ulipanda na kushuka, tiki tiki tiki, kama ulivyokuwa ukifanya kwa miaka kumi na tisa. Pindo lilipokwisha, Uwesu akasoma saa, akainua uso.

"Hatua mia na kumi," alisema. Sauti yake ilikuwa na huruma, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. "Dada, umekaa kwenye kiti. Unakwenda wapi?"

Mwanaidi aliondoa miguu kwenye pedali kana kwamba imepata moto. Majirani waliokuwa wakipita wangeweza kucheka, na siku nyingine hata yeye angecheka: fundi aliyetembea kutoka Makole hadi karibu na Kolo bila kuondoka barazani. Lakini aliuona mkono wa kushoto wa mdogo wake, plasta mbili mahali pa sindano, na akahesabu. Wiki saba alikuwa ameulipa mwili ujira wa safari ambazo haukwenda.

"Nisamehe kwa nilivyosema," Uwesu alimwambia.

"Nyamaza," alisema Mwanaidi. Hakuwa amemkasirikia yeye.

Aliyekwishaumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kesho yake Mwanaidi aliifungia saa kabatini, na pamoja na saa akafungia chakula. Alitembea uwanjani mara mbili, asubuhi na jioni. Akarudi akashona. Kama jasho halina ujira, basi halina ujira wowote, hata punje. Alikunywa chai ya rangi bila sukari, akala majani na nusu ya kile alichochorewa, siku nyingine robo. Maji nayo akayapunguza, maana aligundua kwamba siku asiyokunywa mizani ya duka la dawa inampendeza. Sabini na tisa. Sabini na nane. Hakumwambia Devota. Uwesu aliona yote, akaona mashavu ya dada yake yakiingia ndani, lakini baada ya yale aliyoyasema siku ile aliona haya kufungua mdomo juu ya chakula. Nyumba ikawa na watu wawili wenye kiu, kila mmoja akimficha mwenzake.

Wiki ya tatu ya Septemba alikuwa anashona majoho ya mahafali ya watoto wa chekechea, vijoho vyekundu vya satini, arobaini. Upepo ulikuwa unapiga bati la baraza tangu asubuhi. Alikuwa amefika kwenye joho la kumi na saba aliposikia masikio yanajaa sauti ya nyuki. Kitambaa chekundu kikapauka, kikawa cheupe. Mguu uliendelea kukanyaga kwa mazoea, mkono wa kushoto ukateleza, na sindano ikashuka juu ya ukucha wa kidole cha shahada, ikapita upande wa pili, ikabaki humo.

Hakupiga kelele. Aliliita jina la mdogo wake tu.

Uwesu alitoka ndani akishikilia ukuta. Hakuvuta kidole, maana alikuwa amelala pembeni ya cherehani ile siku nyingi, na alijua sindano hutolewaje. Alishika gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia, akalizungusha polepole kuelekea kwake, uzi kwa uzi, mpaka sindano ikapanda na kutoka. Kisha wote wawili wakakaa chini, mmoja hana damu, mwingine anatokwa nayo kwenye joho la mtoto. Jirani akaita bajaji.

Kidole kilisafishwa na kufungwa hospitalini. Lakini nesi alipoona midomo ya Mwanaidi ilivyopasuka alichukua na damu, na majibu yakamfikia Devota kabla ya jioni. Alikuja na karatasi mkononi, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Shikamoo, mama Rukia."

"Marahaba. Uzito umeshuka, umeona? Sabini na sab—"

"Nimeona." Devota aliiweka karatasi juu ya shuka. "Na hiki umekiona? Hiki ni kipimo cha figo zako. Juni zilikuwa safi. Leo zinalalamika, kwa sababu hujazipa maji wala chakula. Dokta Zablon akisoma hii kama ilivyo, hataahirisha. Atakufuta."

Mwanaidi aliivuta karatasi karibu.

"Figo unayotaka kumpa mdogo wako," alisema Devota, bila kupandisha sauti, "ndiyo hiyo unayoinyima."

Ndipo alipolia, na alilia vibaya, kilio cha mtu aliyekosea huku, akakosea na kule. Akaeleza yote: saa, soksi, pedali, chapati, jasho, mama yake na chungu cha shambani. Devota alisikiliza bila kucheka, ingawa kwenye pedali alijishika mdomo.

"Sasa niambie wewe msomi," Mwanaidi alimalizia, akipangusa uso kwa ushungi. "Nikitembea, nile nilichokichoma au nisile?"

"Nyumbani mna kihenge cha nafaka?"

"Kolo, ndiyo. Cha mama."

"Unapunguza uzito maana yake unataka kihenge kipungue. Mwili ukifanya kazi na wewe usiulipe wote, unakwenda kuchota humo. Hicho ndicho tunachokitaka. Ukiurudishia kila ulichochoma, kihenge hakiguswi, na saa nayo hudanganya hata ikiwa mkononi, huzidisha. Lakini usipoupa kitu kabisa, hauchoti kihenge tu. Unang'oa na nguzo za nyumba." Alikunja karatasi. "Kula sahani yangu yote, usipunguze. Siku uliyotembea sana kweli, kwa miguu, ongeza kidogo: yai, au kikombe cha uji. Maji kunywa. Tutapima damu tena asubuhi ya jopo."

Bi Mishi alifika kesho yake kwa basi la Kondoa, na unga wa uwele kwenye kiroba. Binti yake alimsimulia, akitegemea pole. Hakuipata.

"Mimi niliwapa ujira watu waliokuja kunilimia," alisema Bi Mishi, akivua viatu mlangoni. "Nyinyi wanangu mlilima pale pale. Nilikuleteeni chungu chenu? Mlisubiri mkala jioni na wengine. Shamba lilikuwa lenu. Mwenye shamba hajilipi ujira, Mwanaidi."

"Ndiyo, mama."

"Lakini sikuwahi kuwalaza njaa. Mwenye shamba akifa njaa, nani atavuna?" Akauliza sufuria iko wapi.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Alikula sahani yake mpaka mwisho, mama yake akiwa amesimama juu yake. Siku za kutembea mbali aliongezewa uji wa uwele, kikombe kimoja, na hapo Bi Mishi alifunika sufuria. Mizani kwanza ilipanda nusu kilo kwa maji aliyorudisha, na asubuhi hiyo Mwanaidi alikaa kwenye ngazi ya duka la dawa, kisha akapanda tena kwenye mizani kuhakikisha. Halafu ikaanza kushuka, kichoyo kichoyo. Uwesu naye alikuwa anazidi kuvimba. Mara mbili mashine ilisimama kwa sababu ya mshipa wake, wakalazimika kumtoboa upya.

Asubuhi ya Jumatano ya pili ya Oktoba, Mwanaidi alipita duka la dawa kabla ya chai. Mizani ikasema sabini na nne na pointi tisa.

Alirudi nyumbani hagusi ardhi. Halafu akakumbuka damu. Tangu jana jioni hakuwa amekunywa kitu, kwa makusudi au kwa woga, mwenyewe hakujua. Akinywa, mizani ya hospitali itamkataa. Asipokunywa, damu itamkataa. Alisimama katikati ya sebule, ulimi umeganda kwenye kaakaa.

Uwesu alikuwa amekaa kwenye mkeka, kikombe cha bati mbele yake, kimejaa hadi kwenye mstari mwekundu. Hakuwa amekigusa bado. Alimtazama dada yake, akasoma kila kitu kwenye midomo yake.

"Kunywa," alisema, akimsogezea.

"Hayo ni ya kwako ya siku nzima."

"Mimi leo nasafishwa."

"Nusu lita ni nusu kilo, Uwesu. Nitazidi."

"Najua ni nusu kilo. Mimi ndiye mwalimu." Akakinyanyua kwa mikono miwili. "Nimekutazama ukijikausha kwa ajili yangu nikanyamaza, ukajitoboa kidole. Sinyamazi tena. Kunywa, dada, mbele yangu, si uani."

Kumbe alikuwa anajua ya uani. Mwanaidi alichukua kikombe akanywa, mdogo wake akimwangalia koo linavyopanda na kushuka, na hakuwahi katika maisha yake kunywa kitu kizito kama maji yale. Bi Mishi aligeukia ukutani.

Hospitali walichukua damu kwanza, kisha mizani. Nesi alisoma kwa sauti: "Sabini na tano, pointi nne."

Waliketi kwenye korido, watatu, chini ya feni isiyozunguka. Ndani jopo lilikuwa likiwajadili. Saa ya kwanza ikapita. Bi Mishi alihesabu tasbihi. Uwesu aliyafumba macho. Nusu saa tu ilibaki aitwe kwenye mashine. Mwanaidi alikuwa anafikiria zile gramu mia nne. Zingetosha kuwa kitambaa cha gauni moja.

Mlango ulipofunguka, Dokta Zablon alikuwa na faili mbili. Alimtazama Mwanaidi juu ya miwani.

"Mama, asubuhi hii umekunywa maji?"

"Nusu lita, daktari." Hakuona sababu ya kuficha. "Kikombe cha huyu."

Daktari alikitazama kipimo cha damu, akamtazama na Uwesu.

"Figo zako ziko kama zilivyokuwa Juni. Mtu angekuja hapa na sabini na nne amejikausha, ningemrudisha. Wewe nusu kilo ya maji sitakuhesabia." Akafunga faili. "Mtapasuliwa baada ya wiki mbili. Siku ya kulazwa nitakupima mwenyewe. Usifanye ujanja wowote, kula kama unavyokula."

Alilazwa na kilo sabini na nne na robo.

Siku ya nne baada ya kupasuliwa waliruhusu Mwanaidi ainuke. Kutoka wodi yake hadi chumba alichotengwa Uwesu zilikuwa hatua sitini. Alizitembea mwenyewe, mkono mmoja ubavuni, barakoa usoni, hana saa ya kumhesabia. Alipofika kwenye kioo cha mlango, gauni la hospitali lilikuwa limegandana na mgongo kwa jasho.

Uwesu alikuwa ameketi kitandani. Uso wake ulikuwa na rangi ya mtu. Manesi walikuwa wamemwambia anywe lita tatu kwa siku, figo mpya ina kiu, na mfuko uliokuwa ukining'inia pembeni ya kitanda ulikuwa umejaa mkojo safi, wa rangi ya chai nyepesi, kitu ambacho Mwanaidi hakudhani angekuja kukitazama na kumshukuru Mungu. Kikombe cha bati kilikuwa mezani, kimechemshwa na manesi. Uwesu alipomwona akakichukua, akamimina maji. Yakafika kwenye mstari mwekundu, yakaupita, yakafika ukingoni na kumwagika kidogo vidoleni. Akanywa yote bila kupumua, macho yake hayamtoki dada yake.

Alipomaliza alijifuta mdomo, akauona ule unyevu kwenye paji la uso wa Mwanaidi. Akamgeukia nesi aliyekuwa kando ya kitanda.

"Sista, dada yangu amekula?"

"Chakula chake kipo wodini. Alikataa, akasema mpaka akuone."

"Mletee kiti pale mlangoni, na sahani yake," alisema Uwesu. "Upesi, kabla jasho lake halijakauka."

Waliuleta ugali na maharage. Mwanaidi akala vyote, mbele ya kioo, wala hakupima.